Uzi: Kabla ya kulipa arubuni ya fleti, kagua pia karatasi za mali mtakayomiliki pamoja

MkaziWaKilimani

Katika muda wa mwezi mmoja watu wawili wameniuliza swali lile lile: wamepata fleti hapa Nairobi, wakili amepekua hati ya nyumba yenyewe na kuikuta safi, je, walipe arubuni? Niliwajibu kwamba wamekagua nusu tu ya mali. Anayenunua fleti hununua vitu viwili kwa bei moja: nafasi iliyo ndani ya kuta zake, na fungu lake katika ardhi, paa, ngazi, lifti, kisima, matangi na maegesho ya magari. Fungu hilo la pili lina rejista yake, ramani yake na vitabu vyake vya hesabu, na wanunuzi wengi hawazioni karatasi hizo mpaka siku mambo yanapoharibika.

Nilinunua nyumba ya vyumba vitatu Kilimani mwaka wa 2014 kwa utaratibu uliozoeleka wakati huo. Hatimiliki mama, yaani hati ya kiwanja kizima, ilibaki kwa mstawishaji, yule aliyejenga jengo na kutuuzia. Mimi nilipewa hati ya upangaji wa muda mrefu, pamoja na ahadi ya hisa moja katika kampuni ya usimamizi, ambayo nayo ingekabidhiwa kiwanja baada ya nyumba ya mwisho kuuzwa. Nililipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, hati ikasajiliwa, nikaifungia kabatini nikiamini kwamba yamekwisha. Miaka minane baadaye, wakazi tulipoamua kutafuta hati za vitengo, yaani hati ya umiliki ya kila fleti peke yake, chini ya sheria mpya ya 2020, kila mmoja alileta karatasi zake, tukazitandaza juu ya meza ya plastiki kwenye maegesho, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa hati zote za jengo letu kukaa mahali pamoja.

Mlango wangu una namba 14, na hati yangu inataja nyumba namba 14. Ila ramani iliyoshonwa nyuma ya hati ilionyesha namba 14 kuwa nyumba ya kona inayotazama barabara, nami ninakaa upande wa nyuma, dirisha la jikoni likitazama matangi ya maji. Jirani wa kona alikuwa na hati ya namba 15. Tulipanda ngazi tukasoma milango mmoja baada ya mwingine, tukaona kwamba aliyepaka namba aliiruka 13. Kuanzia hapo kila mlango uliitangulia ramani kwa namba moja, na afisi ya mauzo ilikuwa imenakili namba za milango badala ya namba za ramani. Jengo lina nyumba 24. Mama mmoja mjane wa ghorofa ya juu alikuwa na hati ya nyumba namba 25, nyumba ambayo katika ramani haipo kabisa, na alikuwa ameinunua kwa mafao yote ya marehemu mumewe. Aliishika ile karatasi akaniuliza, "Sasa mwanangu, mimi ninakaa wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Familia 12 zilihitaji hati za kurekebisha kosa hilo. Tulipochukua taarifa rasmi ya kampuni ya usimamizi kutoka kwa msajili wa kampuni, ile inayoitwa CR12, tukakuta wenye hisa ni wawili tu, mstawishaji na mkewe. Katika wakazi 24 hapakuwa na hata mmoja aliyeandikishwa, ingawa sote tulikuwa tumelipia hisa zetu na wengine walikuwa na vyeti vya hisa vyenye mhuri. Kwa lugha nyepesi, kwa miaka minane tulikarabati lifti na kuchimba kisima juu ya ardhi ambayo kwenye karatasi haikuwa yetu hata kidogo.

Nimeandika haya ili anayekaribia kulipa asimame kwanza na kuuliza. Nitajibu maswali kadiri ninavyofahamu, na wenye taaluma naomba wanisahihishe.

MnunuziMpya

Asante sana kaka. Umenitia hofu, lakini ni heri hofu ya sasa. Nimeelewana bei ya nyumba ya vyumba viwili Kileleshwa. Muuzaji ndiye mwenye nyumba, aliinunua kwa mstawishaji mwaka wa 2012, na ana hati ya upangaji wa muda mrefu iliyosajiliwa. Ajenti anasema kubadilisha iwe hati ya kitengo ni jambo dogo ambalo nitalifanya mwenyewe baadaye. Wanataka arubuni ya asilimia 10 kufikia Ijumaa ijayo. Nianzie wapi?

MkaziWaKilimani

Dada, anza kwa kuiondoa hiyo Ijumaa kichwani. Nyumba iliyosimama tangu 2012 haitahama wiki hii.

Kwanza uelewe sheria imesimama wapi. Sheria ya umiliki wa vitengo ya mwaka wa 2020 ilianza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo na kuifuta ile ya 1987. Kuanzia tarehe 10 Mei 2021 wizara ya ardhi iliacha kusajili hati mpya za upangaji wa muda mrefu zilizokusudiwa kumpa mtu umiliki wa fleti, na zile za zamani zikapewa miaka miwili tangu sheria ilipoanza ili zibadilishwe. Majengo mengi hayakuwahi kufanya hivyo. Hati ya muuzaji wako haikugeuka karatasi tupu kwa sababu hiyo, lakini usikubali kuambiwa kwamba kubadilisha ni jambo dogo. Hubadilishwi wewe peke yako. Hubadilishwa jengo zima, kwa ramani moja ya vitengo, na kila kasoro ya jirani inakuwa kasoro yako.

Kwa hiyo omba namba ya hatimiliki mama, si namba ya hati ya fleti pekee, na ufanye upekuzi rasmi wa zote mbili. Kwa ardhi za Nairobi hili hufanyika kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rejista za ardhi mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021. Ukikuta namba ya zamani inayoanza kwa L.R. 209 na nyingine inayosema Nairobi Block fulani, usishtuke, kwa maana viwanja vingi vilibadilishiwa namba. Ila hakikisha kwamba namba zote mbili zinahusu kiwanja kile kile na ukubwa ule ule.

Unaposoma matokeo ya hatimiliki mama, tazama mwenye kiwanja ni nani leo. Ikiwa bado ni mstawishaji, fahamu kwamba ardhi iliyo chini ya fleti haijahama. Tazama kuna rehani ya benki au la, na hapa tarehe ndiyo inayosema. Rehani iliyosajiliwa kabla ya hati ya muuzaji, bila idhini ya benki wala barua ya kuiachilia fleti hiyo, ni hatari kubwa kwako, kwa kuwa benki inaweza kudai kwamba haikuutambua upangaji huo. Rehani iliyokuja baadaye haivunji hati ya fleti, lakini imeshika ardhi na sehemu za pamoja, na huenda mkashindwa kubadilisha hati mpaka deni la mtu mwingine liishe. Tazama pia tahadhari, vizuizi na amri za mahakama zilizoandikwa kwenye rejista.

Halafu hesabu miaka. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kileleshwa ni ya kukodishwa kutoka kwa serikali. Mkataba wa miaka 99 ulioanza mwaka wa 1955 utakwisha mwaka wa 2054, hata kama jengo limepakwa rangi juzi. Sheria ya 2020 hairuhusu vitengo kusajiliwa juu ya mkataba uliobakiwa na chini ya miaka 21. Iliyotangulia ilidai 45, kwa hiyo kuna nafuu, lakini nafuu hiyo inapungua kila mwaka.

Jambo la mwisho kwa leo: pata CR12 ya kampuni ya usimamizi, umuulize muuzaji cheti chake cha hisa, na ulinganishe. Cheti cha hisa chenye mhuri hakitoshi ikiwa jina halimo katika orodha ya msajili wa kampuni. Hilo tumelilipia sisi.

BintiWaSouthB

Mimi yangu inahusu maegesho. Nilipouziwa nilionyeshwa nafasi namba 7, imepigwa rangi ya manjano na namba yangu ipo. Sasa jirani ana barua ya mstawishaji inayompa nafasi hiyo hiyo. Kila asubuhi ni mabishano mbele ya watoto. Ni nani mwenye haki?

MpimajiMstaafu

Nimefanya kazi ya upimaji ardhi kwa miaka mingi, na kama kuna kitu kimoja ambacho ningependa kila mnunuzi akijue, ni kwamba rangi ya manjano si mpaka.

Binti yangu, swali lako lina majibu matatu, na yote yamo katika ramani ya vitengo. Nafasi ya gari inaweza kuwa imeambatanishwa na kitengo chako katika ramani yenyewe, na hapo ni yako na itauzwa pamoja na nyumba. Inaweza kuwa mali ya pamoja ambayo shirika la wamiliki, chombo cha wenye vitengo wote kinachosimamia jengo, limekupa uitumie peke yako, na hapo unayo haki ya kutumia, nayo iwe imeandikwa. Au ni mali ya pamoja isiyogawiwa mtu, na hapo aliyekuuzia alikuuzia kitu kisichokuwa chake, na jirani yako naye ameuziwa vivyo hivyo. Barua ya mstawishaji haina nguvu ya kuishinda ramani iliyosajiliwa. Kama jengo lenu halina ramani ya vitengo, soma ukurasa wa hati yako unaoeleza mali iliyokodishwa. Nafasi isiyotajwa hapo haimo.

Niongeze kuhusu ramani hiyo, maana watu huiona kama mchoro wa mapambo. Hutayarishwa na mpimaji mwenye leseni kutokana na michoro ya jengo iliyoidhinishwa na kaunti, hupitishwa na afisi ya serikali inayosimamia upimaji, kisha husajiliwa. Inapokwisha kusajiliwa, rejista ya kiwanja hufungwa na kila kitengo hufunguliwa rejista yake. Hapo ndipo penye jaribio rahisi ambalo halihitaji utaalamu: mtu akikuonyesha hati ya kitengo, pekua hatimiliki mama pia. Ukiikuta ingali wazi kama kiwanja cha kawaida chenye mwenyewe mmoja, usilipe chochote mpaka msajili akueleze kwa maandishi.

Ndani ya ramani kuna namba iliyoandikwa kando ya kila kitengo, nayo ndiyo fungu lako katika mali ya pamoja. Kwa kawaida hufuata ukubwa wa sakafu. Nyumba ya mita za mraba 120 na nyingine ya mita 80 katika jengo moja zitakuwa na mafungu ya tatu kwa mbili. Fungu hilo ndilo linaloamua utalipa kiasi gani lifti ikiharibika, na utapata nini siku jengo litakapobomolewa ardhi iuzwe. Nimewahi kupima jengo ambalo mstawishaji alikuwa amejibakizia nyumba mbili za juu, kubwa kuliko zote, na bado akitaka zihesabiwe sawa na chumba kimoja cha chini. Nilikataa kutia sahihi.

Tena, chukua mita ya fundi. Pima sebule na vyumba vyako, ulinganishe na ramani. Kisha simama nje, uhesabu ghorofa, na uulize afisi za kaunti ni ghorofa ngapi zilizoidhinishwa. Jengo lililoidhinishwa ghorofa nane na kujengwa tisa litapata shida kupitishwa, na atakayeumia si aliyenunua ghorofa ya tisa peke yake. Omba pia kuona cheti cha kuruhusu jengo likaliwe.

MkaziWaKilimani

Mzee wangu, asante. Hili la kuhesabu ghorofa ningelijua mwaka wa 2014, ningeokoa mengi.

Paa nalo lisisahauliwe. Jengo la pili kutoka kwetu lina mnara wa simu juu ya paa, na kodi ya mnara huo iliendelea kulipwa kwa mstawishaji miaka mingi baada ya nyumba zote kuuzwa. Katika mkataba wa mauzo kulikuwa na kifungu kimoja, katikati ya kurasa nyingi, kilichomwachia haki ya paa na haki ya kuongeza ghorofa. Kisome kifungu hicho kabla ya kutia sahihi.

KatibuWaWakazi

Ninaongeza upande wa vitabu, kwa kuwa nimekuwa katibu wa kamati ya jengo letu Lang'ata kwa miaka sita, na kila mnunuzi anapokuja huniuliza maji yanatoka au hayatoki, basi.

Andikieni kamati au shirika barua. Ombeni hesabu za miaka miwili au mitatu, kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwisho, kanuni za jengo, mkataba wa kampuni inayosimamia jengo, na taarifa ya fleti husika inayoonyesha ada zilizolipwa na zinazodaiwa. Ulizeni pia kama kuna kesi dhidi ya jengo au hukumu ambayo haijalipwa. Katibu anayefanya kazi yake atakupa haya kwa siku chache. Anayekasirika kuombwa hesabu amekwisha kukujibu.

Deni la ada hubaki mlangoni. Tulikuwa na mwenye nyumba aliyeacha kulipa kwa miezi 31, akauza, akaondoka nchini. Mnunuzi alihamia Jumamosi na vyombo vyake vyote, Jumatatu nikalazimika kumpelekea taarifa ya deni la zaidi ya shilingi laki tatu. Alikuwa kijana na mkewe mjamzito. Sikuwa na furaha kuibeba karatasi ile, lakini bila ada hiyo jenereta lisingepata dizeli. Angeniandikia mstari mmoja kabla ya kununua, angelikata deni hilo kwenye bei.

Angalieni vilevile kama jengo lina akiba. Lifti ya zamani, paa linalovuja na akaunti yenye salio la mwezi mmoja maana yake ni kwamba mchango wa dharura unakuja, nawe utaukuta mlangoni.

MnunuziMpya

Nina swali kwa Mkazi. Je, ikiwa mstawishaji hapatikani, jengo limekwama milele?

MkaziWaKilimani

Hapana, dada. Sheria ya 2020 imewaruhusu kampuni ya usimamizi na hata mwenye nyumba mmoja mmoja kuanzisha mabadiliko, na pale mstawishaji anapokataa kutoa hatimiliki mama au hapatikani, msajili anaweza kuendelea bila karatasi hiyo. Aliyekwisha kulipa ushuru wa stempu kwenye hati ya zamani halipi tena kwa ajili ya kubadilisha. Sisi tulipita njia hiyo. Ilituchukua zaidi ya mwaka, kwa kuwa ilibidi kwanza tunyooshe zile namba za milango, na gharama ya mpimaji tuliigawana. Yule mama wa ghorofa ya juu sasa ana hati ya kitengo namba 24, na ndiyo nyumba anayolala.

Kitu kingine ambacho wakili wako asikiruke ni asili ya kiwanja chenyewe. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali, ikasema kwamba hatimiliki pekee haitoshi ikiwa ugawaji wa kwanza ulikiuka sheria, na kwamba mnunuzi wa baadaye hawezi kujificha nyuma ya nia yake njema. Ardhi iliyokuwa imetengwa kwa matumizi ya umma haikugeuka kuwa ya mtu kwa sababu ya kuuzwa tena. Sasa fikiria jengo la fleti 60 juu ya kiwanja cha namna hiyo. Kwa hiyo omba historia ya rejista tangu mwanzo, usiishie kwa mmiliki wa leo.

MnunuziMpya

Nimerudi na majibu, ingawa Ijumaa imepita na ajenti hanisemeshi vizuri.

Hatimiliki mama bado ina jina la mstawishaji. Ipo rehani ya benki iliyosajiliwa mwaka wa 2019, yaani baada ya hati ya muuzaji wangu. CR12 ina majina 31, na jengo lina nyumba 36. Jina la muuzaji limo, nashukuru. Nimepima vyumba na mume wangu kwa mita ya fundi: sebule na vyumba vinakubaliana na ramani, ila roshani iliyofungwa kwa vioo haimo katika ramani hata kidogo, nasi tulikuwa tumeihesabu kama chumba cha kusomea. Katibu wa jengo amenipa taarifa ya ada, muuzaji hadaiwi. Mkutano mkuu wa mwisho ulijadili kubadilisha hati na ukaahirishwa kwa sababu ya hiyo rehani.

Wakili ameandika kwa wakili wa muuzaji akiomba mambo mawili kabla ya arubuni: barua ya benki inayoeleza msimamo wake kuhusu mabadiliko ya hati, na bei mpya isiyohesabu roshani. Pesa bado ziko kwenye akaunti yangu.

MpimajiMstaafu

Umefanya vizuri, binti yangu. Zile nyumba tano ambazo hazimo katika CR12, uliza ni za nani. Kama bado ni za mstawishaji, ndiye atakayeketi nanyi mezani kupiga kura kuhusu deni lake mwenyewe.

MnunuziMpya

Nimemwandikia katibu sasa hivi. Anasema nne ni za mstawishaji na moja iko mahakamani. Kesho asubuhi ninaenda na wakili kuisoma faili ya kesi hiyo.